GARI DOGO LA LIUZHOU: NANI ALIYELIUNDA, NA LINAMTUMIKIA NANI?

1. Utangulizi

Mwezi Julai 2020, kiwanda kimoja cha mji wa Liuzhou, katika eneo la Guangxi kusini mwa China, kilianza kuuza gari dogo la umeme liitwalo Wuling Hongguang Mini EV. Urefu wake haufiki mita tatu. Lina viti vinne na milango miwili, na mwendo wake wa mwisho ni kilomita 100 kwa saa. Bei ya chini ilikuwa yuan 28,800, yaani kama dola 4,100 za Marekani. Mwaka 2021 peke yake yaliuzwa magari karibu 400,000 ya aina hiyo, likawa ndilo gari la umeme lililouzwa kuliko yote nchini China kwa mwaka huo.

Jambo kubwa kama hili halikosi wafasiri, na wafasiri wake wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wapenda soko. Hao husema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, gari hili halikupewa ruzuku ya ununuzi, wananchi walilipenda wenyewe wakalinunua, basi huo ndio ushahidi kwamba Serikali ikikaa kando mambo hunyooka. Kundi la pili ni la wapiga makofi. Hao husema kwamba mpango ulitoka juu, amri ikatolewa, gari likaundwa, na mwananchi akapata gari lake. Kwa hiyo hakuna la kuuliza.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba makundi yote mawili yamekosea, na kwamba makosa yao yana hatari kwa mtu anayetaka kujifunza. Kiwanda cha Liuzhou chenyewe kina usemi ambao maana yake ni kwamba kile wanachokihitaji watu ndicho kinachotengenezwa pale. Usemi huo ulivuma sana mapema mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, kiwanda kilipogeuza sehemu ya karakana zake kutengeneza barakoa. Hatuna ugomvi na usemi huo. Lakini kazi ya kada si kukariri semi, bali kuzipima kwa hali halisi. Tuuchukue basi usemi wa kiwanda tuuhoji: ni watu gani, ni mahitaji gani, na kwa hesabu ya nani?

2. Haja ilitangulia, mpango ukafuata

Historia ya kiwanda hiki inafundisha. Kilianzishwa mwaka 1958 kama kiwanda cha mitambo, na katika miaka ya 1960 kikawa kiwanda cha matrekta. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mashamba ya komuni yalipogawiwa kaya moja moja, trekta kubwa lilikosa mteja. Familia yenye vipande vidogo vya shamba haina kazi ya trekta lililobuniwa kwa shamba la jumuiya. Hapa pana funzo la nadharia lisilohitaji maelezo marefu: uhusiano wa watu katika uzalishaji ulipobadilika, na chombo cha uzalishaji kilipaswa kubadilika. Wafanyakazi wa Liuzhou walitengeneza cherehani na mashine za kufumia nguo ili kiwanda kisife, kisha mwaka 1982 wakaunda gari dogo la kubebea watu na mizigo kwa kuiga la Kijapani. Vigari hivyo, ndugu wa vile tunavyoviita hapa kwetu kirikuu, ndivyo vilivyobeba mboga, nguruwe, vipuri na vibarua wa miji midogo ya China kwa miaka 40.

Kwa hiyo mafundi wa Liuzhou walikuwa wakimfahamu mtu wa kipato cha chini kabla ya gari la umeme. Hata hivyo si wao waliogundua haja ya gari dogo la umeme. Haja hiyo ilionyeshwa na wananchi wenyewe, hasa katika jimbo la Shandong, ambako karakana ndogo ndogo zilikuwa zikitengeneza vigari vya mwendo mdogo vinavyotumia betri za risasi na tindikali. Wachina waliviita jina la utani lenye maana ya furaha ya mzee, kwa sababu wazee walivitumia kwenda sokoni na kuwapeleka wajukuu shule. Vigari hivyo viliuzwa kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Vingi havikuwa na namba za usajili, dereva hakuwa na leseni, na bodi haikuweza kuhimili ajali. Novemba 2018 wizara za China ziliagiza usafishaji wa shughuli hiyo na kuzuia viwanda vipya visianzishwe. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 mji wa Beijing ukavipiga marufuku barabarani vile vilivyokuwa haramu.

Tutazame jambo hili kwa makini. Mpanga mipango alikuwa akiota gari kubwa la umeme la kushindana na Ulaya na Marekani. Mzee wa Shandong alikuwa anataka paa la kumkinga mvua, usukani, na soketi ya kuchajia nyumbani. Umati ulitoa jibu kabla ofisi haijauliza swali. Jibu lilikuwa na kasoro za hatari, lakini lilikuwa jibu la kweli. Mpiga makofi anayedhani kila jema huteremka kutoka juu hawezi kulieleza jambo hili.

3. Soko lilisimama juu ya mgongo wa nani?

Tumgeukie sasa mpenda soko. Ni kweli kwamba gari la Liuzhou halikupata ruzuku ya ununuzi. Mwaka 2020 kanuni za ruzuku zilidai gari liweze kwenda angalau kilomita 300 kwa chaji moja. Kigari hiki kilikwenda kilomita 120 kwa betri ndogo na 170 kwa betri kubwa, kwa vipimo rasmi. Lakini tusiishie hapo.

Betri yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 2001 Serikali ya China iliingiza utafiti wa magari ya umeme katika mpango wake wa taifa wa sayansi na teknolojia. Mwaka 2009 ulianza mpango wa kusambaza magari ya umeme katika miji, ukiwa na miji 13 mwanzoni na baadaye 25. Ruzuku zilimwagwa kwa viwanda kwa zaidi ya miaka kumi, zikaendelea hadi mwisho wa mwaka 2022. Fedha hizo hazikutumika vizuri siku zote. Mwezi Septemba 2016 Wizara ya Fedha ilitangaza kwamba kampuni tano zilikuwa zimedai kwa udanganyifu zaidi ya yuan bilioni moja, baadhi zikidai malipo ya magari ambayo hayakuwapo. Lakini pamoja na wizi huo, bei ya betri ilishuka, mafundi walifunzwa, na viwanda vya mota na vya betri vikasimama. Aliyekuja kuunda gari rahisi mwaka 2020 alivuna shamba lililolimwa na umma kwa miaka karibu 20.

Kisha utazame mji wa Liuzhou. Huu ni mji wa viwanda wa watu kama milioni nne, mji wa chuma na mashine, ambao zamani ulijulikana kwa mvua yenye tindikali iliyotokana na moshi wa viwanda vyake. Mwaka 2017 kiwanda kilitoa gari la kwanza la aina hii, Baojun E100, lenye viti viwili tu. Utawala wa mji na kiwanda vilifanya kazi bega kwa bega. Maelfu ya wakazi walipewa gari walijaribu, wakaulizwa maoni. Vipande vya ardhi visivyotosha gari la kawaida, kando ya barabara na kwenye pembe za majengo, vilichorwa mistari vikawa maegesho ya vigari hivi. Sehemu za kuchajia zikawekwa mitaani. Kutokana na maoni ya wananchi ilionekana kwamba safari nyingi za mtu wa mjini ni fupi, na kwamba viti viwili havitoshi familia yenye mtoto na bibi. Hivyo ndivyo viti vinne vya mwaka 2020 vilivyozaliwa.

Ubunifu wa gari lenyewe ulitokana na uchunguzi huo. Betri ndogo ya kilowati-saa 9 hivi, badala ya 50 au 60. Mota ya kilowati 20. Kuchaji kwa soketi ya nyumbani usiku kucha, saa sita na nusu kwa betri ndogo na saa tisa kwa kubwa, bila kuhitaji mtambo wa kuchaji kwa haraka. Uzito wa kilo 665. Kila kilichoondolewa kilipunguza bei, na kila kilichobaki kilikuwa na kazi. Huu ni uhandisi wa kuheshimiwa, kwa sababu ulianza na mtu ukaishia kwenye chuma, wakati wengi huanza na chuma kisha wakamtafuta mtu wa kukinunua.

Anayesema kwamba kizuri kilijiuza atueleze: maegesho yalichorwa na soko? Kwa ushahidi zaidi, achunguze kampuni ya Zhidou, iliyounda kigari cha umeme cha mjini miaka kadhaa kabla ya Liuzhou. Zhidou iliegemea ruzuku. Kanuni za mwaka 2018 zilipoacha kuyapa ruzuku magari yasiyofika kilomita 150, mauzo yalianguka na kampuni ikafilisika, hata ilipofufuliwa mwaka 2024 chini ya wenye hisa wapya. Fedha ya umma bila mpango wa mji na bila kumchunguza mtumiaji haikutosha. Na soko lilipoachiwa kampuni hiyo halikuiokoa.

4. Migongano ndani ya gari la watu

Tukiishia hapo tutakuwa tumeandika sifa na si uhakiki. Hapana budi tuitazame migongano iliyomo ndani ya jambo lenyewe.

Mgongano wa kwanza ni wa hesabu. Septemba 2017 Serikali ya China ilitoa kanuni ya alama mbili, ikaanza kutumika Aprili 2018. Maana yake kwa lugha nyepesi ni hii: kampuni ambayo magari yake yanakunywa mafuta kupita kiwango hupata upungufu wa alama, inayotengeneza magari ya umeme hupata ziada. Mwenye upungufu hana budi kuufidia, na njia mojawapo ni kununua alama za mwenye ziada. Mwaka 2020 wastani wa bei ya alama moja ulizidi yuan 1,000, na mwaka uliofuata ulizidi 2,000. Kwa gari la yuan 28,800 hizo si fedha za kudharau.

Kwa hiyo kigari cha mlalahoi kilikuwa na kazi ya pili ambayo haikuandikwa kwenye tangazo. Barabarani kilikuwa gari. Kwenye vitabu vya hesabu kilikuwa hundi. Hundi hiyo ilifidia kwanza magari ya petroli ya kiwanda chenyewe. Tuwe waadilifu: kanuni hii ilikuwa na upande mwema, kwa kuwa ilimlazimisha mwenye magari makubwa amchangie mwenye gari dogo. Lakini ilikuwa na upande wa pili: aliyenunua alama alinunua pia ruhusa ya kuendelea kama alivyokuwa. Nani alikuwa akimtumikia mwenzake, gari dogo au gari kubwa? Jibu ni kwamba kila moja lilimtumikia mwenzake, na aliyeamua kiasi alikuwa bei ya alama.

Bei hiyo haikudumu, na haikuwa peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 2021 tani moja ya lithiamu kaboneti, malighafi ya betri, ilikuwa kama yuan 50,000. Kufikia Novemba 2022 ilikaribia 600,000. Februari 2022 kampuni ya Great Wall ilisimamisha kupokea oda za vigari vyake viwili vya umeme, Black Cat na White Cat, ikakiri hadharani kwamba kila Black Cat moja iliyouzwa ilileta hasara ya zaidi ya yuan 10,000. Wateja walikuwapo, wamepanga foleni. Haja ya watu haikupungua hata chembe. Kilichobadilika ni daftari la kampuni. Kigari cha Liuzhou nacho kilipandishwa bei mwaka huo. Watengenezaji wengi wakahamisha nguvu zao kwenye magari makubwa kidogo yenye faida zaidi, na fungu la vigari vidogo kabisa katika soko la China likapungua.

Hapa ndipo kiini cha uhakiki wetu kilipo. Haja ya mwananchi hukaa mahali pamoja, daftari huhama. Usemi kwamba tunatengeneza wanachokihitaji watu ni wa kweli kwa muda ule tu ambao haja na daftari vinakutana. Vikiachana, ndipo tunapomjua mwenye kiwanda ni nani.

Na mwenye kiwanda ni nani? Kampuni ya SAIC-GM-Wuling iliundwa mwaka 2002 kwa ubia. SAIC, shirika la umma la mji wa Shanghai, lina hisa 50.1 kwa mia. General Motors ya Marekani ina hisa 44 kwa mia. Upande wa Liuzhou wenyewe, yaani shirika la umma la Guangxi lililorithi kiwanda cha matrekta, una hisa 5.9 kwa mia. Umma una zaidi ya nusu, na hilo ni jambo la maana. Lakini katika kila faida inayogawanywa, sehemu kubwa huvuka bahari, na mji uliotoa maegesho, vijana na historia una fungu dogo kuliko wote. Anayeliita gari hili ushindi wa kujitegemea lazima ayaeleze mafungu haya.

Mgongano wa pili ni wa usalama. Gari la mwaka 2020 halikuwa na mfuko wa hewa hata mmoja wa kumkinga dereva wakati wa ajali. Sheria haikuudai, na kiwanda kilitumia nafasi hiyo kushusha bei. Mwezi Aprili 2021 lilipotoka toleo jipya la rangi za kupendeza, lililolenga hasa vijana na wanawake wa mijini, mfuko wa hewa wa dereva uliwekwa, na bei ikawa juu zaidi. Yaani kinga ya uhai ilikuja pamoja na rangi ya waridi, kwa yule aliyeweza kulipa. Mnunuzi wa gari la bei ya chini kabisa, ambaye pengine aliacha pikipiki au kigari cha betri ya risasi, aliendelea bila kinga hiyo. Ni kweli alikuwa salama kuliko alivyokuwa kwenye pikipiki. Lakini hoja ya kwamba afadhali hiki kuliko kile ni hoja ya mfanyabiashara. Kiwanda ambacho zaidi ya nusu ni mali ya umma hakipaswi kupima uhai wa mlalahoi kwa hoja hiyo, na Serikali iliyoweza kudai kilomita 300 katika kanuni za ruzuku ingeweza kudai mfuko mmoja wa hewa.

5. Gari la mtu au basi la watu?

Lipo swali ambalo makundi yote mawili hulikwepa. Je, haja ya mwananchi ni gari, au ni kufika? Mwishoni mwa mwaka 2017 mji wa Shenzhen, nao ukiwa kusini mwa China, ulikamilisha kubadili mabasi yake yote kuwa ya umeme, mabasi zaidi ya 16,000. Hakuna tangazo la rangi za kupendeza lililosindikiza kazi hiyo, lakini asiyeweza kununua hata gari la yuan 28,800 hupanda basi hilo.

Hatusemi kwamba gari dogo ni kosa. Katika miji midogo na vijiji ambako basi hupita mara mbili kwa siku, mzee anayekwenda zahanati ana haki ya chombo. Tunachosema ni kwamba mpango wa usafiri wa umma utangulie, gari dogo liuongezee pale usipofika. Katika mji wenye msongamano magari 1,000 madogo, hata kama hayatoi moshi, bado ni magari 1,000 barabarani, na mengi yana mtu mmoja ndani.

6. Fundisho kwa kada

Msomaji wa Tanzania anaweza kuuliza: yanatuhusu nini haya? Yanatuhusu kwa njia iliyo wazi. Upande mmoja wa betri hizi hutengenezwa kwa kinywe, na kinywe kimo katika ardhi yetu, Mahenge na Lindi. Kazi ya kukisafisha kiwe cha kufaa betri sehemu kubwa hufanyika China. Aliyepandisha na kushusha bei katika habari tuliyoisimulia hakuwa mchimbaji wala mwendesha gari. Alikuwa yule wa katikati, mwenye kiwanda na mwenye daftari. Nchi yenye malighafi bila kiwanda hupokea bei kama inavyopokea mvua.

Kwa hiyo kada anaposikia kwamba kitu fulani ni cha watu, kiwe gari, nyumba, mbolea au simu, asikubali wala asikatae kabla hajauliza maswali matatu. La kwanza: haja hii ilichunguzwa kwa watu gani, na je, waliulizwa? Katika hili Liuzhou ilifanya vema, na tuna mengi ya kuiga. La pili: bei ya malighafi ikipanda na faida ikitoweka, nani ana nguvu na wajibu wa kuhakikisha kitu hicho hakiondolewi mikononi mwa maskini? Katika hili jibu la mwaka 2022 lilikuwa dhaifu. La tatu: ili bei ishuke, kilichopunguzwa ni anasa au ni uhai?

Mwaka 2025 kiwanda kilitoa toleo jingine, lenye milango minne na urefu wa zaidi ya mita tatu. Bei yake ya kuanzia ilikuwa yuan 44,800. Bila shaka wapiga makofi watasema gari limekua, na wapenda soko watasema wateja wametaka. Sisi tutauliza kwanza yule mzee wa Shandong, aliyenyang'anywa kigari chake cha betri ya risasi kwa sababu njema za usalama, anakwenda sokoni na nini leo.